Betri Nambari Saba

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Wayua Munyoki mbele ya mlango wa kontena, spana mkononi, mvua ikimlowesha, na umeme wa kijiji kizima cha Kwa Mwero umekatika kwa mpigo mmoja. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Hatua thelathini nyuma yake, ndani ya zahanati, mtoto Kadzo wa miezi mitano alikuwa amelazwa na nimonia, na mashine iliyokuwa ikimpa oksijeni ilikuwa imenyamaza.

Wayua alifungua mlango.

Alitarajia moshi. Hakukuwa na moshi. Alitarajia harufu ya waya ulioungua, na hiyo pia hakuisikia. Betri zote kumi na mbili zilikuwa kwenye rafu zake, kila moja na nambari yake aliyoiandika mwenyewe kwa rangi nyeupe.

Akaisogelea skrini ndogo iliyokuwa ukutani. Chaji: asilimia sabini na moja. Hali: imefungwa.

Akaisoma mara ya pili. Betri hazikuharibika wala hazikuisha. Zilikuwa na umeme wa kuiendesha zahanati kwa siku mbili, na mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amezifunga.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo: betri hizi zilianza kazi yake mjini, chini ya mabasi ya umeme. Zilipochoka hazikuweza tena kuvuta basi lenye abiria, lakini nguvu iliyobaki ilitosha kabisa kuhifadhi umeme wa jua wa kijiji. Kampuni moja yenye karakana Kona ya Musa ilizifungua, ikazipima, ikazipanga upya ndani ya masanduku ya chuma, ikazileta Kwa Mwero pamoja na paneli za sola. Ikamchukua Wayua, binti wa walowezi kutoka Ukambani, ikamfundisha kuzitunza. Kwa miaka miwili nyumba mia na themanini, kinu cha kusaga, pampu ya maji na zahanati vilitegemea masanduku hayo kumi na mawili. Wakamba na Waduruma wa hapo walikuwa wamesahau jina lake. Walimwita fundi.

Kwa Mwero simu hushika mahali pamoja tu, juu ya ngazi ya tangi la maji, palipofungwa pia antena ya kontena. Wayua akapanda mbio na kumpigia Sanga, mhandisi wa kampuni.

Sanga alipokea kabla simu haijalia mara ya pili. Wayua akajua kwamba alikuwa akiingoja.

Sanga alieleza upesi. Alfajiri hiyo, kontena lenye betri za aina hiyohiyo, za toleo hilohilo, lilikuwa limewaka moto katika nchi ya mbali. Watengenezaji wakatoa amri, na kila betri ya toleo hilo, popote ilipokuwa, ikafungwa kupitia mtandao. Si yeye aliyefunga. Wala yeye hakuwa na uwezo wa kufungua. Alikuwa ameshawaandikia kwamba kuna zahanati, nao walikuwa wamemjibu kwa nambari ndefu ya kumbukumbu na ahadi kwamba mkaguzi ataliangalia suala lake ndani ya saa arobaini na nane.

"Saa arobaini na nane," Wayua alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Bwana Sanga, nina mtoto hapa hana hata saa mbili."

Sanga akasema atawaandikia tena.

Wayua alishuka akakimbilia zahanati. Sista Eunice, muuguzi wa pekee pale, alikuwa amefungua mtungi mdogo wa akiba. Mshale wake ulikuwa karibu kugusa rangi nyekundu. Alimvuta Wayua pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hata akiubana kabisa, mtungi ule ungefika saa sita kasorobo. Baada ya hapo hakuwa na kitu.

Jumwa, mama wa mtoto, aliketi kitandani akiushikilia ule mrija mwembamba karibu na pua ya mwanawe, kana kwamba ungeweza kutoroka. Kifua cha Kadzo kilikuwa kikiingia ndani kwa kila pumzi. Mbavu zilihesabika.

Mlangoni alisimama Chengo, mumewe, mfugaji wa mbuzi, amelowa hadi kiunoni. Ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka mtoni, na habari aliyoileta ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa na habari.

Ambulensi ilikuwa imefika. Ilikuwepo tangu saa tatu, kwenye kivuko, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini mto ule, ambao kwa miezi kumi ya mwaka ni mchanga mtupu, ulikuwa umejaa maji yaliyoshuka kutoka vilima vya Shimba, yakibeba magogo. Wanaume walijaribu kuvuka kwa kamba. Wa kwanza alichukuliwa hatua hamsini kabla ya kushika tawi. Hawakumruhusu wa pili.

"Dereva aliutoa mtungi wa oksijeni akauinua juu ili tuuone," Chengo alisema. "Mkubwa, sista. Umejaa. Nimeuona kwa macho yangu, na mto wenyewe si mpana kuliko uwanja wa kanisa."

Jumwa akauliza, kwa upole kama mtu anayeogopa kusumbua, kama haiwezekani kuutumia umeme wa zile paneli moja kwa moja, maanake huu ni mchana. Wayua alilazimika kumweleza kwamba mawingu yalikuwa mazito, na tena mitambo ile haiwaki bila betri. Alijisikia aibu kwa kila neno. Miaka miwili alikuwa akiwaambia watu wa Kwa Mwero kwamba jua ni lao na hakuna wa kuwakatia.

Akatoka nje, akasimama mvuani, akafikiri.

Kufuli lenyewe lilikuwa swichi. Swichi ndogo chini ya kifuniko cha kila sanduku. Amri ilipokuja, swichi zile zilijitenga, basi. Nyuma yake umeme ulikuwa uleule. Na katika stoo ya zahanati kulikuwa na inveta ya zamani, ile mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika ukutani. Ilibaki kutoka mradi mwingine uliokufa kabla yeye hajamaliza shule. Kama angetoa sanduku moja, akafungua kifuniko, akaunganisha waya nyuma ya swichi...

Alipanda ngazi tena kumwambia Sanga.

Sanga alikataa. Hakukataa kwa ukali, alikataa kama mtu anayejua anachokisema. Alimkumbusha kwamba sanduku likifunguliwa hivyo, hakuna tena kitu kinachopima joto lake, wala cha kulizima likizidiwa. Moto wa betri hizi hauzimwi kwa ndoo za maji. Ukishaanza, watu hukaa mbali na kuungoja uishe. Akasema hawezi kumpa ruhusa.

Wayua akamwambia kwamba yote hayo anayajua, maana ni Sanga mwenyewe aliyemfundisha. Akakata simu.

Hakuwa ameshuka hata hatua mbili simu ikalia. Ni Sanga yuleyule, lakini safari hii nyuma yake zilisikika honi na wapiga debe wa Kona ya Musa. Alikuwa ametoka nje ya ofisi ili asisikike.

"Ukifungua, usiiguse nambari saba," alisema.

Wayua alishika chuma cha ngazi. Akauliza kwa nini.

Basi Sanga akatoa yaliyokuwa moyoni. Wiki tatu joto la nambari saba lilikuwa likipanda. Wayua mwenyewe alikuwa ameripoti, naye akamjibu kwamba kipimo kimeharibika. Mwanzoni aliamini hivyo. Baadaye hakuamini tena, lakini sanduku la kubadilisha lilikuwa limechelewa, na alijua akiandika ukweli kituo kizima kitazimwa, zahanati ikiwemo. Akangoja. Akawa anaangalia vipimo kila asubuhi na kujiambia bado kidogo.

Kwa muda wote ule Wayua alikuwa amewachukia watu asiowajua, waliokaa mbali wakamfungia betri zilizo nzima. Sasa alielewa kwamba watu wale walikuwa sahihi. Ndani ya kontena lake, hatua thelathini kutoka kwa mtoto, kulikuwa na kitu cha kufungiwa kweli.

"Na nyingine?" aliuliza.

"Kwa vipimo ni nzima."

"Bwana Sanga. Nimekuuliza wewe, sikuviuliza vipimo."

"Sijui," Sanga alisema. "Wallahi sijui. Nitaendelea kuwabembeleza wafungue."

Wayua alirudi kwenye kontena akainama mbele ya rafu ya chini. Nambari saba ilikuwa katikati. Kifuniko chake kilikuwa kimevimba kama mkate ulioumuka. Jana hakikuwa hivyo, au jana hakuangalia.

Alitamani kuitoa kwanza hiyo. Lakini boliti za nyaya zake zilikuwa nyuma, zimezibwa na nambari sita, na kuifikia kungechukua zaidi ya nusu saa. Akaufikiria mshale wa ule mtungi. Akachagua nambari mbili, iliyokuwa karibu na mlango. Nambari saba angeirudia.

Chengo alikuja na majirani watatu. Walisimama nje ya mlango, na kila mmoja alikuwa akimpisha mwenzake aingie kwanza. Wayua hakuwa na muda wa kuwabembeleza. Alivua glavu akaweka kiganja wazi juu ya vyuma viwili vya nambari mbili, vile vya kufungia nyaya, huku wakimtazama.

"Betri zikiwa zimefungwa, vyuma hivi havina kitu," aliwaambia. "Ogopeni uzito wake tu."

Walilitoa sanduku. Lilikuwa zito kama magunia mawili ya mahindi. Wakalibeba kwa mwendo wa kaa, mmoja akiteleza na wengine wakimngoja, mpaka barazani kwa zahanati, chini ya dirisha la Kadzo.

Wayua alifungua skrubu sita za kifuniko. Chengo alimwinamia na gunia tupu, akiikinga mvua isimwagikie ndani. Alipogusanisha waya wa kwanza cheche ndogo iliruka, na majirani wale watatu wakajikuta uwanjani.

Inveta haikuwaka.

Alibonyeza tena. Hakuna. Ndani, Sista Eunice alisema kwamba mshale umeingia kwenye nyekundu. Wayua akafungua ubavu wa ile mashine na kukuta nyigu wamejenga kiota cha udongo mpaka feni imekwama. Alikichokonoa kwa bisibisi, akakitoa vipandevipande, akafunga, akabonyeza mara ya tatu.

Ikanguruma.

Waya ukapitishwa dirishani. Mashine ya oksijeni ikalia mara moja, ikatulia, kisha ikaanza kuvuta pumzi zake ndefu. Sista Eunice akaufunga mtungi haraka, ili kile kidogo kilichobaki kisipotee.

Kidole cha Kadzo kilikuwa na kifaa kinachoonyesha oksijeni ya damu. Kilisoma themanini na mbili. Baadaye themanini na tano. Jumwa hakujua maana ya tarakimu zile, kwa hiyo hakuziangalia. Aliuangalia uso wa Eunice. Ilipofika tisini, uso ule ulilegea, na Jumwa akaanza kulia bila sauti.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wangedhani mambo yamekwisha.

Wayua hakuweza kuondoka pale barazani. Sanduku lililokuwa mbele yake halikuwa na kufuli, kipimo wala kinga. Alikuwa amekaa sakafuni na kiganja chake kwenye ubavu wa sanduku, kwa kuwa kiganja hicho ndicho kipimo cha joto kilichobaki. Alimwita Eunice dirishani akamwambia kwamba akimsikia akisema tokeni, amchukue mtoto atoke, asiulize neno.

"Na utajuaje?" Eunice aliuliza.

"Kwa huu mkono."

Eunice aliutazama ule mkono, akarudi kwa mgonjwa wake.

Chengo alibaki amesimama kando. Mtoni alikuwa amesimama. Wodini alikuwa amesimama. Majirani walikuwa wameenda zao, na yeye hakuwa hata na gunia la kushika tena. Akamuuliza Wayua kama ni kweli kwamba ile iliyovimba ndiyo ya hatari. Wayua hakumficha. Alimwambia kwamba inaweza kuwaka, na ikiwaka ikiwa katikati ya wenzake, zote zitawaka, na upepo ulikuwa ukivuma kuelekea zahanati. Ilipaswa kutolewa na kuburutwa mbali. Yeye angeifanya kazi hiyo akipata mtu wa kumpokea mkono.

Chengo akauliza kama kuitoa ni kazi ya ufundi sana.

Wayua alikuwa akisikiliza joto chini ya vidole vyake. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba ufundi si mwingi, unaivuta nambari sita, halafu ni boliti mbili tu za nyaya. Kisha akamwomba, kwa kuwa mvua ilikuwa ikipiga kwa ubavu, aende akalifunge lile kontena.

"Haya, fundi," Chengo alisema, akaenda.

Muda ukapita. Sanduku lilikuwa na uvuguvugu, lakini si zaidi ya uvuguvugu wa mkono wa mtu. Mvua ilipungua. Kutoka dirishani Kadzo alilia, kilio halisi chenye hasira, na Eunice akacheka peke yake, maana mtoto asiye na pumzi halii hivyo.

Jumwa alitoka wodini akaja barazani. Tangu jana hakuwa ametoka. Alichuchumaa karibu na Wayua, akamshika bega, akamwambia kwamba hana la kumpa isipokuwa dua, na dua ataiomba kwa maisha yake yote. Wayua akamwambia asiseme hivyo, bado mapema. Akamuuliza Chengo yuko wapi, kwa sababu lile kontena lilikuwa bado wazi.

"Amepitia dirisha la nyuma akaniambia anakwenda kuitoa ile iliyovimba," Jumwa alisema. "Amesema amechoka kusimama."

Wayua alitazama sakafuni kando yake. Bisibisi ilikuwepo. Glavu zilikuwepo. Spana haikuwepo.

Hakuogopa mara moja. Alijiambia kwamba betri zimefungwa, kwamba vyuma vile havina kitu, na Chengo alimwona akivigusa kwa kiganja wazi. Alichokihofia ni ule uvimbe tu. Akamwambia Jumwa aweke mkono wake hapa, hapa palepale, na apige kelele akisikia joto linazidi. Akaanza kuinuka ili akamwite.

Ndipo taa ya barazani ilipowaka.

Haikuwa kwenye waya wa inveta ile. Ilikuwa kwenye waya wa kijiji. Nyuma ya zahanati kinu cha kusaga kikaanza kuunguruma. Pampu ya maji ikafuata, na redio ya dukani ikadakia katikati ya tangazo. Watu walitoka kwenye milango yao, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Eunice alichungulia dirishani akiuliza kama sasa aihamishie mashine ukutani.

Jumwa alikuwa akiitazama taa ile kama mtu aliyejibiwa.

"Umeme umerudi," alisema.

Sanga alikuwa amewabembeleza, nao walikuwa wamekubali. Walikuwa wamezifungua zote kwa amri moja, bila kubagua, na ya saba ikiwemo, na vyuma vyake sasa vilikuwa na umeme.

Wayua alikimbia. Aliita jina la Chengo mara moja, mara mbili, na kinu kikaimeza sauti yake. Aliteleza kwenye tope, akainuka na goti likivuja damu. Hatua thelathini hazijapata kuwa nyingi kama siku ile.

Swichi kuu ya kuzima betri zote ilikuwa ndani, ukuta wa mwisho, upande wa pili wa rafu.

Chengo alikuwa amepiga magoti mbele ya rafu ya chini. Nambari sita ilikuwa imevutwa kando, kazi safi kabisa, na mikono yake yote miwili ilikuwa imezama nyuma ya nambari saba. Taa ya kontena ilikuwa imewaka juu ya kichwa chake. Aliposikia miguu aligeuza shingo, akamwona Wayua, na kwa mara ya kwanza tangu jana akatabasamu.

"Fundi, usihangaike," alisema. "Imebaki boliti moja."